Walukuba: Jinsi usindikaji wa nafaka na maharagwe ulivyokua mashariki mwa Uganda

Kwa maelfu ya watu waliowahi kuishi katika kambi na makazi ya wakimbizi ya Afrika Mashariki, mgao wa mwezi ulikuwa na sura moja: mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia. Sehemu ya mahindi na maharagwe hayo ilinunuliwa Uganda, ikasafishwa, ikakaushwa na kutiwa katika magunia mapya kabla ya kupakiwa kwenye malori. Jinja, mji ulioko pale Mto Naili unapotoka katika Ziwa Viktoria, ni miongoni mwa vituo vya kazi hiyo. Upande wake wa mashariki uko mtaa wa Walukuba, ambako maghala ya nafaka yanapakana na nyumba za wafanyakazi zilizojengwa enzi za ukoloni.

Makala hii inaeleza namna biashara ya kusindika nafaka na mazao ya jamii ya kunde ilivyokua katika eneo hilo na katika jiji jirani la Mbale, kazi gani hufanyika ndani ya ghala, na kwa nini kipimo kidogo cha unyevu kinaweza kuamua kama mkulima atalipwa au atarudi nyumbani na mzigo wake.

Mji wa reli na umeme

Jinja ilianza kuwa mji wa viwanda kwa sababu ya pamba. Mwaka 1912 Reli ya Busoga ilifunguliwa kati ya Jinja na Namasagali ili kusafirisha pamba ya wakulima wa Busoga. Mwaka 1931 daraja la reli lilivuka Naili, na Jinja ikaunganishwa na Kampala kwa upande mmoja na bandari ya Mombasa kwa upande mwingine. Mwaka 1954 bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa rasmi, na viwanda vya nguo na vya bidhaa nyingine vikafuata umeme huo wa karibu.

Viwanda vilihitaji watu. Serikali ya kikoloni ilijenga Walukuba kuwa mtaa wa makazi ya wafanyakazi Waafrika, na watu wakaja kutoka Busoga, Bukedi, Teso, Acholi, Lugbara na magharibi mwa Kenya. Katika mchanganyiko huo wa makabila, Kiswahili kilipata nafasi yake kama lugha ya kazini, ya sokoni na ya kuulizana hali jioni, ingawa katika sehemu nyingine za Uganda lugha hiyo ilitazamwa kwa mashaka kama lugha ya askari.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, waliokuwa wamiliki na mameneja wa sehemu kubwa ya viwanda na maduka ya Jinja. Mitambo mingi ilidhoofika kwa kukosa vipuri na usimamizi. Wafanyakazi waliobaki Walukuba walirudi kwenye mashamba madogo, uvuvi na biashara ndogondogo. Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji, na Walukuba ikawa sehemu ya Divisheni ya Kusini ya Jiji la Jinja.

Kutoka bodi ya serikali hadi soko huria

Kwa miaka mingi mkulima wa mahindi au maharagwe hakuwa na uhuru wa kuchagua mnunuzi. Sheria ya mwaka 1968 iliunda Bodi ya Masoko ya Mazao, iliyopewa mamlaka ya kununua na kuuza mazao ya chakula. Katika miaka ya 1970, uchumi ulipoporomoka, mazao mengi yalipita njia za kificho. Neno la Kiswahili magendo lilienea nchi nzima, hata katika vinywa vya wasiozungumza Kiswahili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya biashara ya mazao, na sheria ya mwaka 1993 ikafungua njia ya kuyauza mashirika ya umma kwa watu binafsi. Kila mwenye lori na fedha taslimu aliweza kufika kijijini na kununua. Mkulima alifaidika kwa kulipwa papo hapo. Hata hivyo, soko hilo lilizaa tatizo jipya: mchuuzi alilipa bei ileile kwa mahindi makavu na kwa mahindi mabichi, safi au yenye mchanga. Aliyekausha vizuri alipoteza uzito na hakulipwa chochote kwa jasho lake. Ubora ukashuka, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeulipia.

Mnunuzi aliyekuja na mizani na kipima unyevu

Aliyebadilisha hesabu hiyo kwa kiasi kikubwa ni Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Vita vya kaskazini mwa Uganda, vita vya Sudan na vya Kongo vilijaza kambi za wakimbizi na za watu waliohamishwa makwao, na Uganda ilikuwa na ziada ya chakula karibu na penye njaa. WFP ikawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa mahindi na maharagwe nchini. Haikupokea mzigo wowote uliokuja: ilidai kiwango maalumu cha unyevu, cha punje zilizovunjika, cha takataka na cha sumu ya ukungu.

Mfanyabiashara aliyetaka zabuni hizo alilazimika kuwa na zaidi ya lori na ghala la mabati. Alihitaji mashine ya kukausha, mashine ya kuchekecha, mizani ya malori na maabara ndogo. Hapo ndipo uchuuzi ulipoanza kugeuka kuwa usindikaji. Mwaka 2008 WFP ilianzisha mpango wa majaribio wa miaka mitano katika nchi 20, Uganda ikiwemo, uliolenga kununua moja kwa moja kutoka kwa vikundi vya wakulima wadogo na kuwafundisha kutimiza viwango hivyo.

Miongoni mwa kampuni za Jinja zinazojulikana katika kazi hii ni Agroways (Uganda) Limited, yenye ghala lake upande wa Walukuba. Kampuni hiyo hupokea nafaka, huisafisha, huikausha na kuihifadhi, na ni miongoni mwa maghala ya watu binafsi yaliyopata leseni ya mfumo wa stakabadhi za ghala. Mahali ilipo pana faida: mahindi ya Iganga, Mayuge, Kamuli na Bugiri hufika bila safari ndefu, na barabara kuu ya kwenda mipaka ya Busia na Malaba iko karibu.

Safari ya gunia moja

Gunia la mahindi linapofika ghalani, kazi ya kwanza ni kuchukua sampuli. Mkaguzi huchoma gunia kwa chuma chenye tundu na kutoa punje za juu, za katikati na za chini, kwa sababu muuzaji mjanja anaweza kuweka mahindi mazuri juu tu. Punje hizo huingizwa katika kipima unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Mzigo wenye unyevu mwingi huenda kwenye mashine ya kukausha inayopuliza hewa ya moto, na ule mkavu huenda moja kwa moja kwenye machekeche. Chekeche la juu huzuia vipande vya magunzi na mawe makubwa, la chini huangusha vumbi na punje ndogo zilizovunjika, na upepo wa feni hupeperusha makapi. Ni kazi ileile ya mama anayepeta kwa ungo uani kwake, ila hapa hufanywa kwa tani.

Baada ya hapo nafaka hutiwa katika magunia mapya, hupangwa juu ya vichaga vya mbao ili isiguse sakafu, na hufukizwa dawa ili kuua fukusi na dumuzi. Katika kila rundo huachwa nafasi ya mtu kupita, ili mkaguzi azunguke na kutambua mapema joto, harufu au vumbi la wadudu.

Hesabu ya maji

Ugomvi mkubwa kati ya mkulima na ghala huanzia kwenye uzito. Mkulima huleta kilo 1,000 na huambiwa kwamba atalipwa kwa pungufu. Wengi huona wameibiwa, na wapo wachuuzi wanaoiba kweli kwa mizani. Lakini hesabu yenyewe ni rahisi kuifuata.

Kilo 1,000 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 zina kilo 180 za maji na kilo 820 za nafaka kavu. Yakikaushwa hadi asilimia 13.5, kilo 820 hizo zinakuwa asilimia 86.5 ya mzigo mpya, ambao sasa una uzito wa takriban kilo 948. Kilo 52 zimeondoka kama mvuke. Ikiwa asilimia 3 ya kilichobaki ni mchanga, magunzi na punje mbovu, mzigo safi ni takriban kilo 920. Kwa hiyo mkulima aliyevuna siku ya mvua na kuuza bila kuanika amesafirisha kilo 80 za maji na taka kwa nauli yake mwenyewe.

Ndiyo sababu kampuni nyingi zimehamishia mafunzo kijijini. Turubai la kuanikia, mashine ndogo ya kupukuchua inayozunguka kwa pikipiki na mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa hugharimu kidogo kuliko hasara ya msimu mmoja. Wakala wa kijiji, ambaye kwa kawaida ni mkulima anayeaminiwa na majirani, hukusanya mazao, hupima unyevu na hulipwa kamisheni. Kampuni hupata mzigo uliokwisha kuchujwa, na mkulima hupata mnunuzi anayejulikana jina na nyumba.

Stakabadhi badala ya kuuza kwa haraka

Katika Busoga mahindi huvunwa mara mbili: katikati ya mwaka, na tena kati ya Desemba na Januari. Wakati wa mavuno bei huanguka kwa sababu kila mtu anauza. Miezi michache baadaye hupanda. Mkulima anajua hivyo, lakini karo ya shule, deni la mbegu na gharama za hospitali havingoji.

Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2006 ilitungwa kwa ajili ya tatizo hilo. Mkulima au ushirika huweka nafaka katika ghala lenye leseni na hupewa hati inayotaja kiasi na daraja la ubora. Benki inaweza kuikubali hati hiyo kama dhamana na kumpa mkopo wa sehemu ya thamani. Bei ikipanda, nafaka huuzwa, mkopo hulipwa, na tofauti humfikia mwenye mali.

Mfumo huo una manufaa pale tu mambo matatu yanapokutana: ghala linaloaminika, benki iliyo tayari, na bei inayopanda kweli kuliko riba na ada ya hifadhi. Likikosekana moja, mkulima hubaki na karatasi. Mkulima wa magunia matatu pia hawezi kuufikia peke yake, kwa kuwa ghala hupokea mizigo mikubwa. Hulazimika kuunganisha mazao yake na ya wenzake, na hapo uaminifu wa viongozi wa kikundi huwa na uzito sawa na ubora wa mahindi.

Sumukuvu na mpaka uliofungwa

Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania, ikisema vipimo vimeonyesha sumukuvu kupita kiasi. Malori yalikwama mipakani. Siku chache baadaye Kenya ililegeza uamuzi huo kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2023 malori ya nafaka na unga kutoka Uganda yalizuiliwa tena, safari hii upande wa Sudan Kusini, kwa sababu hiyohiyo ya usalama wa chakula.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka iliyopata ukame shambani au unyevu baada ya kuvunwa. Haionekani kwa macho, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Wanasayansi waliitambua baada ya zaidi ya batamzinga 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula chenye karanga zilizooza. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kula kidogo kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini.

Kwa kampuni ya kusindika, kupima sumu hiyo ni gharama ya kila mzigo. Mchuuzi asiyepima anaweza kununua kwa bei ya juu kidogo, kwa kuwa hana maabara ya kulipia. Marufuku ya mwaka 2021 iliwaonyesha wafanyabiashara kwamba mzigo mmoja mbovu unaweza kufunga mpaka kwa wote, hata kwa yule aliyekausha vizuri. Iliwaonyesha pia walaji wa Uganda jambo zito zaidi: nafaka inayokataliwa mpakani isipoharibiwa, inaweza kurudi katika soko la nyumbani na kuishia kwenye sufuria ya posho ya shule.

Maharagwe, soya na mikono ya wanawake

Mazao ya jamii ya kunde yana hesabu tofauti. Maharagwe huuzwa kwa sura yake: rangi, ukubwa na usawa wa punje. Mnunuzi wa Nairobi hataki mekundu yaliyochanganyika na ya madoa. Mashine huondoa vumbi na mawe, lakini katika maghala mengi utenganishaji wa rangi na uondoaji wa punje zilizotobolewa bado hufanywa kwa mkono, na wengi wa wafanyakazi hao ni wanawake wanaolipwa kwa kilo walizochambua. Mashine ya kuchambua rangi kwa kamera hufanya kazi hiyo kwa kasi kubwa, na kila kampuni inayoinunua hulazimika kuamua wachambuzi wake watafanya nini.

Utafiti umebadilisha pia kinacholetwa ghalani. Mwaka 1994 vituo vya utafiti vya Uganda vilitoa mbegu za maharagwe za K131 na K132. Hii ya pili, yenye punje kubwa za madoa mekundu, ilipendwa sana sokoni. Mwaka 2016 Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo, NARO, lilitoa aina za NAROBEAN zenye madini mengi ya chuma na zinki, zilizokusudiwa kupunguza upungufu wa damu kwa wanawake na watoto. Chuo Kikuu cha Makerere nacho kimezalisha aina za soya za Maksoy, ambazo mazao yake huingia katika uji wa lishe, mafuta na chakula cha kuku.

Kikwazo cha maharagwe mjini ni kuni na makaa. Chungu kikavu huchukua saa mbili au zaidi jikoni, na familia ya mjini hukadiria mkaa kabla ya kununua mboga. Kwa sababu hiyo watafiti wa Uganda na Kenya, kwa ufadhili wa Canada na Australia, walifanyia kazi maharagwe yaliyopikwa kabla, yanayohitaji dakika chache tu kuiva. Hapo ndipo thamani inapobaki nchini, kwa kuwa kilo iliyosafishwa na kupikwa kabla huuzwa kwa bei ambayo gunia ghafi haliwezi kufikia.

Kwa mahindi, hatua kama hiyo ni unga. Katika kila kilo 100 zilizokobolewa na kusagwa, takriban kilo 60 hadi 70 huwa unga mweupe wa daraja la kwanza, na pumba hugeuka kuwa chakula cha mifugo. Kinu kisichokuwa na soko la pumba hupata shida kushindana.

Mbale na mazao ya mlimani

Mbale iko chini ya Mlima Elgon, kwenye njia ya reli iliyotoka Tororo kuelekea Soroti na kaskazini. Mahindi ya Kapchorwa na Bukwo, maharagwe ya miteremko ya Bugisu na mpunga wa mabonde ya Butaleja hukutana katika masoko yake. Hewa baridi ya mlimani huchelewesha mavuno, hivyo mahindi ya Sebei huingia sokoni wakati yale ya tambarare ya Busoga yameanza kupungua. Kampuni ya Jinja yenye wakala Mbale inaweza kuendesha mitambo yake kwa miezi mingi zaidi ya mwaka.

Ni karibu na huko, katika Wilaya ya Kibuku, ambako serikali ilizindua mwezi Februari 2022 Mpango wa Maendeleo wa Parokia, unaotoa shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parokia ili kaya zikope hadi shilingi milioni moja. Fedha hizo zimewawezesha baadhi ya wakulima kununua mbegu bora, lakini mbegu bora bila mahali pa kukaushia huongeza tu wingi wa mahindi yatakayooza.

Kinachoamua ukuaji

Kampuni ya nafaka hufanya matumizi yake yote katika wiki chache za mavuno, kisha husubiri miezi kupata fedha. Mtaji wa kununulia ndio pumzi yake. Riba za benki za biashara ni nzito kwa biashara yenye faida ndogo kwa kilo, na ndiyo maana mfuko wa mikopo ya kilimo ulioanzishwa na Benki Kuu ya Uganda mwaka 2009, wenye riba isiyozidi asilimia 12 kwa mwaka, umekuwa tegemeo kwa wasindikaji wanaonunua mitambo.

Hatari nyingine ni kumtegemea mnunuzi mmoja. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, lakini mashirika ya misaada yamekuwa yakipunguza mgao na kuhamia kwenye fedha taslimu. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada la USAID, lililokuwa mfadhili mkubwa wa chakula cha dharura na wa miradi ya kuboresha nafaka nchini. Ghala lililojengwa kwa ajili ya zabuni za misaada sasa linahitaji wateja wa kawaida: shule, wenye maduka, viwanda vya chakula cha kuku na wanunuzi wa Kenya na Sudan Kusini.

Wateja hao wanaweza kupatikana, kwa kuwa miji ya kanda inakua na inanunua unga wake dukani. Watakachouliza ni kilekile alichouliza mkaguzi wa WFP: mzigo ni mkavu, ni safi, na umepimwa? Kampuni za Walukuba zilizojifunza kujibu maswali hayo zina kitu cha kuuza hata misaada ikipungua. Na kwa mkulima wa Mayuge au Kapchorwa, jibu huanza siku ya kuvuna, kwenye turubai lililotandikwa uani kabla mawingu hayajakusanyika.